Pipa Lisilojali Upepo

Pipa la Lumir Kovarik lilitoboka kitako mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Alikuwa amelichomelea kwa mikono yake kutokana na pipa la dizeli, na kwa miaka thelathini na minane alilitumia kuivisha nyama ya nguruwe kwa moshi kila Jumapili ya kwanza ya Desemba, ukoo wao ulipokusanyika shambani kwake. Huku kwetu Nebraska, Desemba upepo wa kaskazini haukutani na kilima wala kichuguu. "Pipa langu halijali upepo," Lumir alikuwa akisema, nasi majirani tukaamini.

Vlasta, mjane wake, aliniomba nimpeleke mjini akanunue jingine. Ervin, mdogo wake Lumir, alikuwa ameshapendekeza wakutane kwake na nyama iokwe kwenye oveni ya umeme. Vlasta alijua kwamba wakishahama mwaka mmoja hawatarudi tena, na yeye atabaki kusikiliza saa ya ukutani.

Dukani alimtesa muuzaji. Kila pipa aliligonga kwa kidole, akisikiliza.

"Hili ni kopo la maharage."

"Mama, hilo ndilo linalonunuliwa sana."

"Na watu wa Florida, kusiko na baridi. Nipe lisilojali upepo."

Akachagua lililokuwa zito kuliko yote, la chuma kinene, lenye tundu la hewa la kufunga na kufungua. Mgongo wangu unalikumbuka mpaka leo.

Jumapili ilipofika, mkaa ulishika vizuri alfajiri, Vlasta akatundika mabega mawili ya nguruwe kwenye kulabu, akafunika. Saa nne upepo ukaanza, na mshale wa kipimajoto ukaanza kushuka. Aliongeza mkaa, akafungua tundu, akaligeuza pipa. Mshale ulipanda kidogo, ukashuka tena.

Ervin akatoka na kikombe cha kahawa. "Shemeji, niwashe oveni?"

"Washa kichwa chako."

Lakini sauti ilikuwa imemwishia nguvu. Akazunguka upande wa kaskazini wa pipa, akiwa amevaa koti kubwa la Lumir, akaupa upepo mgongo ili afute machozi tusimwone. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale.

"Vlasta, usisogee. Unapanda."

"Nini?"

"Mshale. Hebu toka kidogo. Unaona, unashuka. Rudi."

Akarudi, mshale ukapanda tena. Lumir alikuwa akisimama hapohapo kutwa nzima, koti wazi kama pazia, naye Vlasta akimsimanga kutoka dirishani kwamba anawakimbia wageni. Mbele ya watu alimwita kisiki. Na mimi nilicheka, na bado naona aibu.

"Kumbe halikuwa pipa," Vlasta alisema. "Miaka thelathini na minane namsema, na hakunijibu hata mara moja."

Ervin akaweka kikombe chini, akafungua zipu ya jaketi, akaenda kusimama kando yake.

"Ingia ndani upate joto, shemeji. Nitasimama mimi."

"Siingii," Vlasta alisema. "Nilimwacha hapa peke yake vya kutosha. Sogea tu, unizibie ubavu huu."

Tulikula saa kumi jioni, masikio yetu mekundu, na hakuna aliyetaja oveni.