Saa Ishirini na Nne za Wifi Verla

Wifi yangu Verla Ostrander ana kinyongo. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nimempamba. Ni bibi wa wajukuu tisa, anaimba kanisani, anaoka biskuti za shayiri ambazo hapa mjini Ostby hakuna anayezifikia, na ukimkosea hasahau mpaka mmoja wenu azikwe.

Mimi ni Nadine, dada wa marehemu mume wake. Tumekaa pamoja kwenye kibanda cha mwandishi wa matokeo, pale uwanja wa besiboli nyuma ya maghala ya mahindi, miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ni kuchonga penseli na kutukana. Yeye hatukani. Yeye anaandika.

Na kuandika kwenyewe si mchezo. Mpigaji akiupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama, mwandishi ndiye anayeamua: je, amefika kwa pigo lake, au ni mdakaji aliyeuchezea mpira kizembe? Likiwa pigo, sifa zake. Likiwa kosa la mdakaji, mpigaji hana chake, hata kama amekimbia mpaka mapafu yakamtoka. Watu wamewahi kununiana miaka kwa neno moja la Verla, lakini hakuna aliyewahi kusema amependelea. Siku ya kutimiza miaka ishirini ya ndoa yao, kaka yangu Lyle akiwa amesimama kituo cha tatu, mpira ulimpita katikati ya miguu. Verla akamwandikia kosa bila hata kupepesa jicho. Jioni Lyle alikula viazi baridi huku amenuna.

"Ungenisitiri walau leo, mke wangu."

"Kitabu hakina mume," Verla akamjibu, akamwongezea maharage.

Sasa sikilizeni habari za Tobin. Tobin alikuwa mjukuu wake, ila Verla ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, kwa sababu mama yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na hakuwa mtu wa kukaa. Alimlea kwa biskuti na besiboli. "Watoto wangu watano niliwalea kwa sababu ilinibidi," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Huyu nimemlea kwa raha zangu." Tobin alipokua aliichezea timu ya mji, na msimu wake wa mwisho alipata pigo katika mechi ishirini na mbili mfululizo. Hakuna aliyewahi kufikia hapo. Wakalipaka jina lake kwenye ua wa mbao wa uwanja, herufi nyeupe: OSTRANDER 22. Halafu akaenda jeshini, na jeshi likampeleka mbali.

Kila Oktoba akina mama wa mji tunashuka chumba cha chini cha kanisa kufunga maboksi ya askari wetu. Soksi, nyama kavu, mbegu za alizeti za kutafuna, kahawa. Biskuti unazitia kwenye kopo na kipande kimoja cha mkate mweupe juu yake, zisikauke njiani. Kwenye boksi la Tobin Verla alitia kitu kimoja zaidi: nakala ya kila mechi ya msimu, ameinakili kwa mkono wake kwenye karatasi nyembamba, mstari kwa mstari, ili kijana akae huko jangwani aisome kama yuko uwanjani.

Mwaka ule yalikuwa maboksi kumi na manne. Mwenyekiti wa kamati ya timu, Garland Teske, akasema mwachieni mimi, nina lori kubwa, nitayafikisha posta kuu. Akapigwa picha ya gazeti, mkono kifuani, amesimama mbele ya maboksi yetu utadhani soksi kazifuma yeye.

Krismasi ikafika. Tobin akapiga simu, na mimi nilikuwepo jikoni, nilimsikia akicheka: "Bibi, mwaka huu nimekukosea nini? Wenzangu wote hapa kambini wamepata maboksi ya kwao."

"Liko njiani, mwanangu," Verla akasema.

Januari akauliza tena. Liko njiani. Mwanzoni mwa Februari akauliza, na safari hii hakucheka. Liko njiani, mwanangu, subiri kidogo. Mwisho wa Februari maofisa wawili wa jeshi wenye kofia nyeupe walisimama barazani kwa Verla kumwambia Tobin amefariki, na nilipofika nilimkuta ameketi na tanuri linawaka tupu. Nilipolizima hata hakugeuka.

Wiki ya kabla ya Pasaka mimi na yeye tulikwenda kwenye banda la matrekta la Garland kuazima meza za kukunja za kanisa. Tukavuta meza ya kwanza, ya pili. Nyuma yake, chini ya turubai, yamepangwa vizuri kabisa, maboksi kumi na manne. Panya walikuwa wameshayatembelea. Verla akalifungua la Tobin kwa ufunguo wa gari. Ule mkate ulikuwa umeota ukungu wa kijani, na karatasi za mechi zilikuwa safi vilevile.

Garland akatukuta hapo. Lo! Mtu mzima, macho makavu! "Aa, hayo... lori liliharibika wiki ile, halafu mavuno, halafu yakanitoka kichwani. Bi Verla, Bi Nadine, tafadhali. Nimeshawaambia watu kuwa posta ndiyo iliyoyapoteza. Msiniumbue."

Mimi nilikuwa nimeshaokota reki. Nawaapia ningempasua. Verla akanishika mkono. "Iweke chini, wifi. Beba meza."

Garini nikamwambia twende kanisani, twende gazetini, twende tukampe vidonge vyake mbele ya pasta. Akaendesha mpaka nyumbani ndipo akafungua mdomo. "Nikisema mimi, atanitolea machozi, na watu watasema masikini, alisahau tu, na huyu bibi ana uchungu wa mjukuu wake. Nataka aseme yeye. Kwa mdomo wake. Na imuume."

"Atasema kwa lipi?"

"Sijui bado."

Siku tatu baadaye Garland akaleta ua kwenye chungu, lenye utepe wa bluu. Verla alilichukua akaliweka dirishani pa kibanda chetu uwanjani, mahali ambapo Garland akikaa kiti chake cha mwenyekiti lazima alione, na msimu mzima hakulipa tone la maji. Nami sikuruhusiwa kuligusa. Juni lilikuwa limenyauka, Julai limebaki kijiti na utepe.

Na Julai hiyohiyo mji mzima ulikuwa na wimbo mmoja tu: Colby. Colby Teske, mjukuu wa Garland, kijana mrefu mpole wa miaka kumi na tisa, alikuwa na pigo katika mechi ishirini na mbili mfululizo. Amemfikia Tobin. Garland alivimba kichwa hadi kofia ikawa haimtoshi. Aliweka kopo la rangi nyeupe chini kabisa ya ule ua wa mbao, na brashi juu yake, tayari kufuta jina la Tobin na kuandika la Colby.

"Unaliona lile kopo?" nikamwuliza Verla.

"Naliona," akasema. "Nichongee mbili leo."

Ilikuwa Jumamosi, joto la kuyeyusha lami. Colby alisimama na gongo mara tatu akatoka kapa mara tatu. Mara ya nne ilikuwa ndiyo ya mwisho katika mechi, watu wote wamesimama. Mrushaji akatupa, Colby akaupiga mpira mkali wa chini, ukaruka kwenye kijiwe, ukamgonga mdakaji kwenye glavu, ukamponyoka. Colby alifika kituo cha kwanza kabla yule hajauokota. Mimi nimeangalia besiboli miaka sitini. Hata Tobin mwenyewe angekuwa na glavu ile asingeudaka. Lilikuwa pigo.

Uwanja mzima ukageuka kutazama kibanda chetu.

Verla aliinua penseli hewani. Kisha akaandika, akawasha taa nyekundu ya ubao. Kosa la mdakaji.

Jamani, kelele! Mtu mmoja alirusha soseji yake pamoja na mkate. Garland alipanda ngazi zetu mara moja, na ana magoti mabovu.

"Verla! Hata kipofu ameliona lile ni pigo!"

"Basi mwite kipofu aje aandike."

"Unalipiza! Unamlipizia mtoto!"

"Enhe," Verla akasema. Hivyohivyo tu, kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari. Akatazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Unaijua kanuni, Garland, uliipigia kura mwenyewe: mwandishi ana saa ishirini na nne za kubadili alichoandika. Kesho ni siku ya askari, mji mzima utakuwa hapa, na kipaza sauti utakishika wewe. Waambie maboksi yalikuwa wapi. Ukishasema, nitabadilisha. Mpaka saa kumi na dakika ishirini."

"Huthubutu."

"Umeliona ua lako?" Verla akamwuliza.

Garland akakitazama kile kijiti. Akashuka ngazi.

Jioni ile tulipofika nyumbani niliruka dansi jikoni, siwafichi. Verla hakucheza. Alikaa mezani akafungua kopo la biskuti la zamani, akatoa karatasi nyembamba, akaanza kunakili mechi ya siku ile. Tangu Februari hakuwa ameacha. Sikuwahi kumwuliza ananakili kwa ajili ya nani, maana nilijua.

Jumapili watu walijaa, saladi ya viazi, pai, bendera mpaka kwenye baiskeli. Sisi tulikaa kibandani na kitabu wazi. Saa tisa na nusu Garland akashika kipaza sauti. Akashukuru mvua. Akashukuru bei ya mahindi. Akataja waanzilishi wa timu mmoja mmoja, na wengine walikufa kabla sijazaliwa. Nikaelewa: anataka watu wachoke, wajiondokee, aseme mbele ya viti vitupu. Lakini Colby alikuwa amekaa mstari wa mbele na jezi yake, na babu alikuwa anamtazama. Saa kumi kamili alikuwa bado anasifia nyasi. Kumi na robo akanywa maji. Kumi na dakika ishirini akasimulia kisa cha punda. Verla alikuwa ametulia tuli, mkono juu ya kitabu.

Ndipo Garland akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. Maboksi hayakupotea posta. Yalikaa bandani kwake, kuanzia Oktoba. Hakuyapeleka. Aliudanganya mji.

Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Bi Lorna Vik, ambaye binti yake yuko kwenye meli ya kivita, alisimama na sahani yake mkononi. "Mwanangu hajanipigia simu tangu Krismasi," akasema. "Anasema nilimtupa. Garland, mwanangu anasema nilimtupa!" Akambwagia ile saladi miguuni akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia Garland neno. Hilo ndilo lililomkata maini.

Garland akainua macho kwetu. "Haya. Nimesema. Badilisha, Verla."

Verla akafungua dirisha. Hakuhitaji kipaza sauti. "Saa ngapi hapo, Garland?"

Garland akatazama mkono wake. Mimi nikatazama ukutani. Saa kumi na dakika thelathini na mbili.

"Dakika kumi na mbili!" akapiga kelele. "Dakika kumi na mbili tu, wewe mwanamke!"

"Tobin alingoja miezi minne," Verla akasema. "Umechelewa." Akafunga kitabu, akafunga dirisha.

Colby ndiye aliyemwondoa mzee pale. Alikitoa kipaza sauti mkononi mwake polepole, akasema, "Twende nyumbani, babu." Kabla ya kuondoka alitazama juu kwetu, akavua kofia yake kwa Verla, heshima kamili, bila kinyongo hata chembe. Hapo mimi, Nadine, niliyekuwa na reki mkononi wakati wa Pasaka, roho iliniuma. Nilitamani atutukane.

Nyumbani Verla aliingia kulala mapema, akisema kichwa kinamuuma. Mimi nilibaki kusafisha meza, na lile kopo la biskuti lilikuwa wazi, karatasi ya Jumamosi juu kabisa. Nikaiokota. Mstari wa Colby Teske, mara ya nne, mechi ya ishirini na tatu. Nilivaa miwani nikasoma tena.

Pigo.

"Usiikunje," Verla akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kulalia.

"Wifi, umeandika pigo."

"Lilikuwa pigo."

"Na kule kitabuni?"

"Kile nimemwandikia Garland." Akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu, akainyoosha kwa kiganja, akairudisha kwenye kopo. "Mara tatu nilimwambia yule mtoto boksi liko njiani, Nadine. Simdanganyi tena."

Akafunika kopo, akaniambia nizime taa nikimaliza.