Moto Chini ya Migomba

Wiki hii fundi amenivunjia jiko. Vigae vya zamani vimelundikwa uani, sinki limeegemezwa ukutani, nami napikia barazani kwa mkaa huku wajukuu wakiniuliza kila mara kama wali umeiva. Jana fundi alimwagia maji rundo la udongo wa ukuta wa nyuma uliobomolewa. Harufu ilipopanda, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Wali ukaungua. Niliwaambia wajukuu kwamba ukoko ni dawa ya meno, wakanitazama kwa mashaka, na mimi nikavuta kigoda nikakaa. Naomba nikusimulie, maana wao hawana muda wa mambo haya.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule wa vita. Tulikaa Nyakahura, hatua chache kutoka barabara kuu. Baba alikuwa Mhangaza wa Ntobeye aliyekuja huku kutafuta ardhi kabla sijazaliwa, na mama yake akamfuata baadaye. Serikali ilipotutaka sote tuhamie kijiji cha ujamaa, nyumba zikipangwa mstari kandokando ya njia, Baba alijenga nyumba na jiko kwa haraka kabla ya mvua. Miti aliyoisimika ilikuwa mibichi. Nyumba ilivumilia. Jiko halikuvumilia: mchwa waliingia, na ukuta wa nyuma ukaanza kuinama polepole kama mlevi anayetafuta mahali pa kukaa. Kila jioni Baba alisema, "Kesho nitaurekebisha." Kisha nduli wa Uganda akavuka mpaka, na Baba akaondoka na mgambo, akatuacha na ukuta wake umeinama.

Katika jiko lile aliishi Bibi. Alilala ndani ya nyumba, ndiyo, lakini kuanzia alfajiri mpaka giza alikaa kando ya mafiga, kwa sababu ya kifua chake kilichokohoa mwaka mzima na kwa sababu ya moto. Bibi aliamini kwamba moto aliouacha msafiri unamngoja. Kwa kawaida alizungumza nasi Kihangaza, lakini jambo likiwa zito alihamia Kiswahili, kama vile ofisi ilivyofanya. "Moto wa mtu arie safarini haurari," alituambia. "Ukirara, anapotea njia." Mdogo wangu Deo alicheka r zake mpaka akafinywa. Mimi sikucheka. Nililala nikiufikiria ule moto, na usingizini nilimwona Baba akitembea gizani, akiangalia nukta moja nyekundu kwa mbali.

Siku moja Mama alitoka gulioni bila chumvi. Ndicho kitu pekee alichokuwa amekifuata. Alikuwa mwanamke asiyesahau hata deni la sindano, kwa hiyo Bibi alimcheka, akamwambia amezeeka kabla ya mkwewe.  Mama alikwenda nyuma ya jiko, akaweka viganja vyote viwili kwenye ukuta uliopinda, akakaa hivyo kitambo. Aliporudi alisema, "Kesho tunaubomoa."

Bibi alibisha sana. Nyumba ya mtu aliye vitani haibomolewi, alisema. Mama akamjibu kwa upole kwamba habomoi nyumba, anabadilisha ukuta mmoja kabla haujamwangukia mtu. Hilo lilikuwa kweli.

Basi asubuhi yake majirani walikuja, wanawake tu na mzee mmoja fundi wa fito ambaye vita havikumhitaji. Figa moja haliinjiki chungu, na kijiji kile, pamoja na manung'uniko yake yote, kilijua kusaidiana. Wakaegemeza paa kwa miti, wakang'oa ukuta wa Baba vipande vipande. Sisi watoto tulipewa kazi tamu kuliko zote duniani, kukanyaga udongo. Ulikuwa wa baridi, ukipanda katikati ya vidole vya miguu na kutoa sauti za aibu, na Deo alianguka makusudi mara tatu.

Moto ulihamishiwa nje, chini ya migomba. Bibi mwenyewe ndiye aliyeuchota kwa kigae, makaa yakipumua ndani ya jivu, akatembea nao polepole mpaka kwenye mafiga mapya kana kwamba amebeba mtoto mchanga. Mama alifunika mahali pale kwa kibanda kidogo cha majani ya migomba. Kisha akamwambia Bibi kwamba upepo wa nje utammaliza kifua, akae ndani, chakula ataletewa. Bibi alikubali kwa sharti moja. Alinishika sikio, si kwa ukali, akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Wewe ndiye mrinzi."

Sijui kama umewahi kupikia nje siku nyingi. Kwanza ni sherehe, baadaye ni mtihani. Upepo unakula kuni na maharage hayaivi. Yalianza kuchemka asubuhi na jua lilipokuwa linashuka bado yalikuwa yanagoma. Majani makavu yanaanguka ndani ya chungu. Kuku wanajiona wamealikwa. Na kubwa kuliko yote, watu wanaona. Kwetu chakula cha mtu ni siri yake, na jiko lina kuta kwa ajili hiyo. Sasa kila aliyepita njiani alijua kwamba kwa fulani leo ni viazi vitupu. Mama alitundika mkeka upande wa njia. Siku ya viazi vitupu alivipika katika chungu kikubwa kabisa na kukifunika kwa heshima, na mtu akimsalimia alikikoroga chungu hicho kwa nguvu, kama anapikia harusi.

Lakini siku zile nazikumbuka kama ndoto njema. Moshi ulipita katika majani ya migomba na jua likaugeuza kuwa ngazi za bluu. Ndizi zilizopikwa na maharage zilikuwa na ladha ya moshi na ya majani. Tulikula tumekaa chini, udongo umekaukia miguuni, na jiko letu likiwa wazi upande mmoja nilikuwa naona mbingu mahali ambapo sikuzote niliona masizi.

Siku ya nne, mchana, Mama alinituma barabarani nikamrudishe Deo. Nilikuta malori ya jeshi yanapita, mengi, yamejaa askari, na watoto wote wamejipanga wakipunga mikono. Nilisimama nami. Nilimtafuta Baba katika kila lori. Manyunyu yalianguka kidogo yakakoma, nami bado nimesimama. Lori la mwisho lilipopotea ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mlinzi.

Nilikimbia. Chini ya migomba hapakuwa na moshi. Jivu lilikuwa limelowa, jeusi, na makaa yamezima kabisa. Nilichimba kwa kidole mpaka chini nikitafuta joto. Hapakuwa na joto. Mama alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji ya kukandia udongo. Bibi alisikika ndani akikohoa.

Ndugu yangu, mpaka leo sijawahi kuogopa vile. Nilimwona Baba amesimama porini, nukta yake nyekundu imetoweka, anageuka huku na huku.

Kiberiti hakikuwepo, mwaka ule hata dukani hakikuwepo. Nilichukua kigae nikaenda kupalia moto kwa Mama Zaituni, jirani wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mama. Naomba moto."

"Marahaba. Wa kwenu umezima?"

"Hapana," nilisema. "Ni wa kuongezea."

Alinitazama, akanipa makaa matatu mazuri, na kiazi kimoja juu yake kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilirudi nikipuliza njia nzima. Nilikomba jivu bichi nikalifukia, nikapanga majani makavu, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Moto ukashika. Nilitupia kuni hovyo, mpaka moshi ukajaa migombani.

Nilipoinua uso Mama alikuwa amesimama mwanzoni mwa migomba, mtungi kichwani. Hakusogea. Macho yake yalikwenda kwenye moto, kisha nyumbani, kisha kwenye njia, kisha jikoni kwenye ukuta ulio wazi. Maji yalimwagika yakamtiririka shingoni, wala hakuyafuta.

"Ni ule ule, Mama," nilisema, ingawa hakuwa ameniuliza. "Haujalala."

Alitua mtungi, akakaa chini kando yake.  Kisha akasema, "Haya. Lete maharage." Jioni ile alitoa mawese aliyokuwa ameyaficha, akayamimina yote, na sijawahi tena kula chakula kitamu namna ile.

Ukuta ulikandikwa, ukakauka. Moto ukarudishwa ndani, Bibi akarudi kando yake, akanisifu kwa Kihangaza. Majuma mawili baadaye katibu wa kijiji alikuja na karatasi. Baba alikuwa amefia huko vitani.

Kwa desturi yetu mwenye nyumba akifa moto wake hauachwi uendelee kuwaka. Bibi aliuzima kwa mkono wake, akamwaga maji, na jivu likatupwa nje. Watu wote walilia. Mimi nililia kwa sababu yangu peke yangu. Nilijua ni nani aliyempoteza njia.

Nililibeba hilo miaka thelathini na zaidi. Niliolewa nalo, nikazaa nalo. Mtu anaweza kujua kwa akili kwamba ni upuuzi, na bado akaomba msamaha kila anapowasha kiberiti. Siku moja nilikuwa namsaidia Mama kupukuchua maharage, yeye mzee sasa, na likanitoka tu. Nilimwambia kila kitu: malori, kigae, Mama Zaituni, uongo wangu. Nililia kama mtoto wa miaka tisa.

Mama aliacha maharage.

"Ule moto niliuzima mimi," alisema.

Alikuwa ameshajua kwamba Baba amekufa. Siku ile ya gulio alikutana na kijana wa mgambo aliyekuwa na Baba, akamweleza yote. Karatasi ilikuwa bado, na kwa kifua kile cha Bibi aliogopa kusema kabla haijafika. Lakini aliona haya mbele ya mumewe kuacha moto wake uwake kana kwamba yuko hai, na Bibi habanduki pale jikoni. Ndipo akabomoa ukuta. Akautoa moto nje, akamkalisha Bibi ndani, akanituma mimi barabarani, akamwaga maji kwa mkono wake, akashuka mtoni kulia mahali ambapo hakuna mtu. Alipanga akirudi apalie moto kwa jirani, apike, asiulizwe.

"Sasa narudi naona moshi," alisema. "Nimeuzima mwenyewe, nimehakikisha. Nani atauwasha? Deo mdogo, Bibi yako hawezi kutoka. Nikasimama. Nilidhani amerudi, mwanangu. Nilimtafuta kwa macho nyumbani, nikamtafuta jikoni. Nilimwona kabisa, anatoka pale ukutani amechafuka udongo."

Alirudia maharage yake, akapukuchua maganda mawili matatu.

"Halafu nikakuona wewe, una jivu puani. Nikakukasirikia. Nilikaa chini ili nisikupige."