Vitabu vya Wageni

Mimi si mtu wa kulia, na nalisema mapema ili asije mtu akangojea machozi humu. Mwaka niliostaafu, mwalimu mmoja kijana aliniuliza zamani tulifundishaje kabla serikali haijaleta vitabu vya bure. Nikamwambia tulifundisha kwa ubao na chaki, na koo. Akacheka. Hakuniuliza tulifundishaje vitabu vilipokuja, na mimi sikumwambia.

Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga kabisa. Babati ililala ikiwa mji wa wilaya, ikaamka makao makuu ya mkoa. Maofisa walikuja na familia zao wakitafuta vyumba, na sisi wenyeji tukapandishiwa kodi. Kila siku magari ya serikali yalipita yakitutimulia vumbi. Shule niliyofundisha ilikuwa jirani na mjini, barabara yake inapitika hata mvua ikinyesha, kwa hiyo mgeni yeyote wa mkoa aliyetaka kuona shule aliletwa kwetu. Tulizoea. Tulijua kupanga mstari na kuimba wimbo wa kukaribisha kabla gari halijazimwa.

Lori la vitabu lilifika mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Kabla ya hapo darasa zima la saba lilikuwa na kitabu kimoja cha Hisabati, nacho kilikaa kwa mwalimu. Mzazi aliyetaka mwanawe awe na chake alikwenda kukinunua Arusha, na wazazi wa namna hiyo nawakumbuka wote kwa sura maana hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Sasa vilikuja vya kutosha: mtoto mmoja, kitabu kimoja, bure. Mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikaa siku tatu nikivigonga muhuri wa shule na kuviandika namba, kimoja kimoja, kisha nikavipanga rafuni migongo ikitazama mlangoni. Vilinukia gundi. Nilivipenda, nisiseme uongo. Sijawahi kupewa kitu kingi na kipya namna ile.

"Visitoke," mwalimu mkuu alisema. "Wageni wa mkoa wavikute vikiwa hivi hivi."

Hakuna mwalimu aliyeshangaa. Nenda nyumba yoyote ya kwetu iliyojiweza kidogo utaona kabati la vioo pale sebuleni, na ndani yake vikombe vya maua ambavyo wenye nyumba hawajawahi kuvinywea. Watoto wananywea vya plastiki. Vya maua ni vya mgeni, na mgeni akiondoka vinaoshwa vinarudishwa, na ufunguo unarudi kwenye fundo la kanga ya mama. Vitabu vile tulivitunza kwa akili ile ile. Shida ni kwamba wageni hawakuisha. Wa wiki hii wakiondoka, tuliambiwa wengine wanakuja wiki ijayo.

Utaratibu ulikuwa huu. Taarifa ikifika kwamba gari linakuja, viranja walinijia stoo mbio, nikawahesabia, wakabeba darasani na kuweka kila mtoto chake. Wageni wakaingia, wakaona, wakafurahi. Gari likishapinda kona, viranja walikusanya na mimi nikahesabu tena. Watoto wakaviita vitabu vya wageni. Mwalimu wa Sayansi, mtu wa maneno, kila akiona vumbi la gari alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Mwaka ule ule nilikuwa na mdogo wangu wa mwisho darasa la saba. Mama alimleta mwezi wa kwanza kutoka kwetu Mutuka, na nusu gunia la mahindi na mbaazi kwenye kifurushi. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, chumba kimoja nilichopanga Nakwa, akakitazama kama mtu anayekagua zizi.

"Mwalimu," aliniambia. Tangu nimalize chuo hakuwahi kuniita kwa jina lingine. "Kaka zako wamenishinda. Huyu ndiye niliyebaki naye. Usinirudishie kwenye mbaazi."

"Atakwenda sekondari, mama."

"Umesema wewe."

"Nimesema."

Siku hizo kufaulu hakukutosha. Shule za sekondari za kata zilikuwa bado, nafasi zilikuwa chache, na aliyekosa alirudi nyumbani kushika jembe, au kuolewa, au vyote viwili. Mdogo wangu alikuwa na akili. Historia aliisema kama anayehadithia mambo ya jirani. Kilichomwangusha kilikuwa Hisabati, hasa zile za mafumbo, zinazokuambia bomba hili linajaza pipa kwa saa kadhaa na lile linavuja. Hesabu za namna hiyo hazina njia ya mkato, unazifanya nyingi mpaka unazizoea. Ubaoni zilienea tatu tu. Kitabuni zilikuwa kurasa na kurasa.

Nyumbani aliniita Dada na shuleni aliniita Mwalimu, na hakuwahi kukosea. Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, nakuomba kile cha Hisabati. Kwa likizo tu."

"Hapana."

"Nitakifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nitanawa mikono kabla ya kukishika."

"Watasema mwenye ufunguo anamgawia mdogo wake mali ya shule."

Akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo lililonikera wakati mwingine.

"Basi tupe wote," alisema.

Nilimwambia achukue ndoo akateke maji. Akachukua ndoo akaenda. Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwangu kwenye kamba ya kiatu, na nakumbuka uliingia kwenye mchele nilipoinama, nikautoa nikaupangusa. Nilipomsimulia mwalimu wa Sayansi alisema kinyozi hajinyoi, nikaona nimesifiwa.

Wageni wakubwa walikuja mwezi wa nane, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Kipindi kilikuwa cha Hisabati, na zamu ilikuwa yangu. Vitabu viligawiwa, nikaandika ubaoni ukurasa wa kufungua, nikaanza kufundisha huku wageni wamekaa nyuma kwenye viti vya ofisini. Mkubwa wao, baba mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alisimama akawa anapita kati ya madawati. Akasimama kwa mdogo wangu.

Hakuwa kwenye ukurasa wangu. Alikuwa kwenye mafumbo, ananakili. Ananakili kwa kasi, bila kuinua kichwa, mkono wa kushoto umeshika ukurasa kana kwamba upepo utaupeperusha. Alijua ana dakika arobaini.

"Unafanya nini, binti?"

Aliruka akasimama. "Shikamoo. Ninanakili maswali."

"Marahaba. Sasa unanakili ya nini, na kitabu unacho?"

Nilisikia kuku wa mlinzi nje. Watoto wale wote walijua jibu, mwalimu mkuu pale mlangoni alilijua, na mimi nilikuwa nimelivaa shingoni. Neno moja tu kutoka kwa yule mtoto, na yule baba angegeuka kuuliza, na vitabu vingelala majumbani usiku ule ule. Mdogo wangu alinitazama. Nilikuwa nimeshika chaki. Sikumkonyeza, sikutikisa kichwa, sikufanya lolote. Wala sikumsaidia.

"Nimezoea tu," alisema. "Nikiandika kwa mkono wangu naelewa."

Yule baba alicheka kwa furaha, akamshika bega, akawageukia wenzake. "Mnaona bidii hiyo?" Wakapiga makofi. Tukapiga sote.

Gari lilipopinda kona viranja walianza kukusanya. Cha mdogo wangu nilikwenda kukichukua mwenyewe, sijui kwa nini. Kilikuwa namba kumi na saba. Alikuwa bado anaandika. Nikaweka mkono juu ya ukurasa, akaacha katikati ya sentensi.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Njiani kurudi Nakwa hatukulizungumza. Tulizungumza habari za mafuta ya taa. Ningependa kusema kwamba sikulala, lakini nililala, na asubuhi niliamka nikachemsha uji.

Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa mlangoni mwa ofisi mwezi wa kumi na mbili. Niliyasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Hisabati ilikuwa imemvuta chini. Nilikuwa nangojea kusikia kitu ndani yangu, hasira au uchungu, na sikusikia kitu, mwili ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Siku tatu baadaye kwenye kikao cha kufunga mwaka shule yetu ilisifiwa kwa stoo bora ya vitabu. Hakuna jalada lililokunjwa, hakuna ukurasa uliochanika. Mwalimu mkuu alinikabidhi zawadi yangu mbele ya wenzangu: chupa ya chai, nyekundu, ndani ya boksi lake. Nikainama nikapokea kwa mikono miwili. Nilipika wali siku hiyo. Mdogo wangu alikula vizuri.

Mama alikuja kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake, na angesema ningeshukuru, lakini alikaa pale pale ukingoni mwa kitanda akauliza habari za afya yangu. Mdogo wangu alifunga nguo zake kwenye kanga. Sikuwa na kitu cha kumpa mama, nikampa ile chupa ya chai. Akaigeuzageuza ndani ya boksi.

"Asante, mwalimu. Mungu akuongezee," alisema, na wakaondoka kwa miguu.

Mwaka uliofuata pia sikumwambia mwalimu mkuu lolote. Nilitoa vitabu, nikahesabu, nikarudisha. Baadaye shule za kata zikafunguliwa, na watoto waliokuwa nyuma sana ya mdogo wangu wakaenda sekondari, na yeye alikuwa ameshaolewa kule kule Mutuka, analima. Kisha mtaala ukabadilika. Tukaambiwa vitabu vile havifai tena, tuvitoe stoo kupisha vipya. Vilikuwa safi kama siku vilivyoshuka kwenye lori. Vingine vilitupwa shimoni nyuma ya vyoo vikachomwa, nami ndiye niliyekuwa na kiberiti. Namba kumi na saba nilikitia kwenye mkoba.

Nilikaa nacho miaka. Kila nilipokwenda Mutuka nilikiacha nyumbani, mpaka mama alipofariki na matanga yakaisha, ndipo nikapanda bajaji nikiwa nacho mapajani. Mdogo wangu alinikaribisha sebuleni. Ana kabati la vioo, lile lile la mama, na vikombe vyake vya maua, na katikati yake ile chupa nyekundu, bado ndani ya boksi. Haikuwahi kuwekwa chai.

Nikampa kitabu. Sikutoa hotuba. Alifuta mikono kwenye kanga, akakifungua, akaenda moja kwa moja kwenye mafumbo bila kutafuta.

"Niliishia hapa," alisema. "Swali la tisa."

"Najua."

"Nusu ya swali."

"Najua, mdogo wangu."

Akakisoma kidogo, midomo ikienda. Kisha akakifunga, akainuka, akafungua kabati na kukisimamisha pembeni ya chupa ya chai. Binti yake, wa darasa la tatu, alikuwa amekaa mkekani anatutazama. Akanyoosha mkono.

"Mama, naomba nikione."

"Acha. Utakichafua."

Lilisemwa bila ukali, kama linavyosemwa kila siku katika nyumba zetu. Nikalisikia kwa sauti yangu. Na hapo, baada ya miaka yote ile, ganzi iliniachia, ikauma kama mguu unavyouma damu inaporudi.

"Mpe," nikasema. "Mpe akichafue."

Mdogo wangu alisimama mkono ukiwa kwenye mlango wa kabati. Hakugeuka mara moja. Nimeshasema ni mtu wa kufikiri kwanza.

"Leo ndiyo unasema, Dada."

Alikitoa kitabu kabatini akamnyooshea mtoto. Mtoto alikiangalia, akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, asikipokee. Akatoka kwanza nje, kwenye ndoo, kunawa mikono.