Vitambaa Kwenye Kamba ya Shangazi

Nyuma ya nyumba ya shangazi, hapo mjini Kakamega, kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Mimi na binti yake hatukuwa na pesa za pedi. Tulitumia vitambaa, tukavifua kwa sabuni ya kipande, tukavianika chini ya leso ya kujifunga ili wanaume wasivione. Lakini shangazi aliinua leso. Kila mwezi aliinua, akaona, akaishusha, akaendelea na wimbo wake wa kanisa.

Nilikuwa na miaka ishirini, shule nimeachia darasa la nane, najifunza ushonaji kwa fundi mmoja sokoni. Shangazi ndiye aliyenilipia. Mimi nilikuwa mtu wa kuota: nikipewa sare ya shule niipinde, naona gauni la bibi harusi. Jina la duka langu nilishalichagua.

Kulikuwa na kijana fundi wa redio. Siku moja mpira wa kondomu ulitupasukia, na kesho yake akanisindikiza hadi kliniki. Muuguzi akanipa vidonge vilevile vya kupanga uzazi, ila vingi kwa pamoja, na vingine vya kumeza saa kumi na mbili baadaye.

"Roho itakuchafuka," akasema. "Na damu yako inaweza kuwahi ama kuchelewa. Ikichelewa zaidi ya wiki, rudi tukupime. Usiogope, mama."

Sikuogopa. Nilitapika, nikasingizia maharagwe, nikarudi kwenye ndoto zangu.

Damu ikachelewa kweli. Jumamosi shangazi akanikuta jikoni nasonga ugali.

"Wewe, vitambaa vyako viko wapi?"

"Bado, Senje," nikasema, kama tunavyowaita shangazi kwetu.

"Bado nini? Na majuzi ulitapika. Nimezaa saba mimi, utanidanganya?"

"Ni dawa ya kuzuia mimba nilimeza. Muuguzi alisema siku zinaweza kuchelewa."

"Nyamaza! Nakulipianga kwa fundi, kumbe nalea mjukuu wa watu."

Kwetu, msichana akishika mimba, shangazi zake humpeleka nyumbani kwa aliyempa na kumwacha huko. Nikamsihi angoje Jumatatu, nirudi kliniki nipimwe. Akasema aibu haingoji Jumatatu.

Jumapili, baada ya ibada, akanipeleka Iguhu nyumbani kwa yule kijana. Mamake akatupokea kwa vigelegele, akachinja kuku. "Ingokho hii ni ya mjukuu wangu," akasema, akaniwekea paja. Kijana alikuwa anaangalia viatu vyake. Nami nikala, kwa sababu yule mama alikuwa mwema na kuku alikuwa mtamu.

Shangazi akarudi peke yake. Siku mbili baadaye, nikiwa bado Iguhu, damu ikaja. Nilicheka peke yangu chooni! Nikaona kiti changu kwa fundi, nikaona duka. Nikafua vitambaa, nikavianika peupe, bila leso, kila mtu aone kwamba sikusema uongo.

Mama wa kijana akatoka, akasimama mbele ya kamba.

"Umemfanya nini mtoto wetu?"

"Hakukuwa na mtoto, mama. Siku zilichelewa tu kwa sababu ya dawa."

"Umemeza dawa, na sasa damu. Unafikiri sijui dawa hizo ni za kutoa nini?"

Nikamgeukia kijana. "Si ulinipeleka kliniki? Mwambie."

"Mimi mambo ya wanawake siyajui," akasema.

Nikarudi Kakamega, lakini habari ilikuwa imenitangulia. Nilipofika kwa shangazi, nguo zangu zilikuwa nje, zimefungwa kwenye shuka. Akanisemesha kupitia dirisha.

"Aliyetoa mimba hatalala nyumba moja na watoto wangu."

"Senje, twende sote kwa muuguzi. Atakueleza."

"Huyo ndiye aliyekufundisha."

"Na kwa fundi?"

"Kiti chako nimempa mwenzako wa hapa nyumbani."

Nikainua mzigo wangu. Nyuma ya nyumba, binti yake alikuwa ameanika vitambaa vyake. Shangazi akatoka kwa mlango wa jikoni, akainua leso, akaona, akaishusha. Kisha akaanza kuimba.