Kivuli Chini ya Ofisi ya Kasese

Nakumbuka siku moja ya jua kali, nikiwa bado msichana, karani wa kupiga taipu katika ile ofisi ya ghorofa hapa Kasese ambamo wewe, mwanangu, utaanza kazi Jumatatu. Wakati huo ilikuwa mpya. Ilijengwa Uhuru ulipokaribia, zege tupu, paa bapa, kuta za matundu ya kupitisha upepo. Chini hapakuwa na vyumba. Jengo zima lilisimama juu ya nguzo, ili watu waliotoka mbali wangoje kivulini. Sisi wa Bwera, kule mpakani, tulizoea kungoja serikali juani, kwa hiyo tuliona tumeheshimiwa.

Siku hiyo wakubwa kutoka Kampala walitarajiwa. Askari akaambiwa pale chini pawe peupe. Nilimsikia kutoka dirishani.

"Toka! Toka wote! Hapa si soko."

Mama mmoja wa Bwera hakuinuka. "Afande, mutoto iko na homa. Jua ni kali."

"Nimesema toka!"

Akaenda kukaa kando ya barabara, amemfunika mtoto kwa kitenge. Wageni wakachelewa. Wapita njia walipokuja kutuita, mtoto alikuwa amekakamaa kwa degedege. Gari la ofisi lilimkimbiza hospitali, lakini alifia njiani.

Mkuu wetu, mzee Baluku, hakumlaumu askari. Amri ile aliitoa yeye mwenyewe. Alikwenda Bwera mazishini, akasema hivyo mbele ya ukoo wote. Aliporudi, alishusha meza yake chini, akahudumia watu palepale mpaka alipostaafu. Nilimwuliza kama vumbi halimsumbui.

"Binti yangu," akasema, "kule juu sikusikia mtoto akilia."

Sasa Uhuru umepita miaka hamsini. Mwaka jana wakubwa wa sasa walitaka kuziba pale chini kwa vioo, wapangishe maduka. Nilikwenda mkutanoni na mkongojo wangu, nikawasimulia haya. Wengine walikuwa wakitazama simu zao tu. Upande mmoja wameuziba. Wa barabarani wameuacha wazi.

Mwanangu, watakupa chumba cha juu chenye feni. Usikikatae. Lakini kila asubuhi, kabla hujapanda ngazi, pita chini kwanza. Uliza nani ametoka mbali, nani ana mgonjwa. Ukiamriwa kuwaondoa watu, uliza waende wapi, hata kama anayeamuru ni mkubwa wako.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe moyo usiochoka na watu, na jina lako litajwe kwa wema hata katika nyumba ambazo hutaingia kamwe.