CD ya Mama Zaituni Iliyopakwa Alizeti

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya redio, Singida mjini, alinikuta nimeshika bisibisi, nataka kufungua redio mbovu, akafoka: "We! Mgonjwa hujamsikiliza, unampasua?" Baadaye akanipeleka tawi la Mtinko, na huko nikakaa mpaka nikastaafu.

Vijana mnaniuliza kila siku: mzee, ninunue deki ya CD ya zamani au mpya? Mnanichosha! Semeni kwanza mtapiga nini.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Mama Zaituni, mkulima wa alizeti, na binti yake Zaituni, aliyekuwa anaolewa kesho yake. Alileta CD moja tu, yenye sauti ya marehemu mumewe akizungumza kwenye harusi ya mpwa wake. Mume alifariki binti akiwa bado tumboni. Zaituni hakuwahi kumsikia baba yake.

CD ilikuwa inateleza.

"Mama, umeipaka nini hii?"

"Mafuta ya alizeti, fundi. Nilitaka ing'ae."

Loo! Huku kwetu alizeti tunapaka hata bawaba za mlango. Nikaiosha kwa maji na sabuni, nikaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, maana ukizungusha kitambaa kama unayeosha sahani unaikwaruza. Mafuta yalipotoka, nikaona ufa.

Deki mpya ingeisoma upesi, ila nyingi huzungusha kwa kasi, na ufa haupendi kasi. Ya zamani huenda taratibu, lakini jicho lake, ile taa inayosoma, mara nyingi hukataa CD zilizorekodiwa vibandani, kama hii. Nikachagua ya zamani.

"Mama, huenda ikaimba mara moja tu. Washa simu, urekodi."

Ikazunguka, ikakataa. Nikairudisha. Jicho likatafuta, tik, tik, tik. Mama Zaituni akaisogeza simu karibu na spika, inarekodi, akabana mdomo kwa khanga.

"Hamjambo, wanangu?" spika ikasema.

Binti akapiga goti sakafuni. "Hatujambo. Shikamoo, baba."

Baba akaongea kidogo, akacheka, kisha kimya. Nilipoifungua deki, CD ilikuwa vipande viwili.

Siku hizi nimestaafu, na mafundi wapya hunicheka: mzee, ungeihamisha kwa waya hadi kwenye simu, sauti ingetoka safi, bila kelele za watu. Nawaambia wanyamaze. Kwenye simu ya Mama Zaituni baba anasalimia, na mwanawe anamwitikia.