Fundi Msasa na kabari yake katika hosteli ya wanawake

Saa kumi na moja alfajiri, ndani ya chumba cha wanawake wanne kuna mtu anayeimba.

Anaimba kwa sauti ya chini, au ndivyo anavyodhani mwenyewe. Amesimama katikati ya chumba na ovaroli iliyopata kila rangi iliyowahi kuuzwa dukani, anafunga kilemba mbele ya kioo kidogo kilichoegemezwa dirishani. Kutoka kitanda cha juu mto unaruka na kumpata mgongoni.

"Dada mkubwa, jamani! Jogoo mwenyewe bado amelala!"

"Na aamke basi. Leo siku yangu," anajibu, na mto anaurudisha ulikotoka kwa shabaha nzuri.

Kazini wanamwita Msasa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa hakuna anayepiga ukuta msasa ukalainika kama yeye, na pia, wanasema wao, kwa sababu ya ulimi wake. Ana miaka arobaini na mmoja, ni fundi rangi tangu usichana wake, na wiki hii ndiyo mara yake ya kwanza maishani kulala hosteli ya wanawake peke yao.

Siku yenyewe ni kubwa kweli. Hosteli hii ina desturi yake: mgeni hukaa wiki moja ya majaribio, vitu vyake vikiwa ndani ya begi, huku wenzake wa chumba wakimsoma. Jioni ya siku ya saba wanatoa neno. Wakimkubali, anapigiliwa msumari wake ukutani ili atundike taulo. Akikataliwa na mmoja tu, anabeba begi lake.

Ghafla mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke mwenye unga kwenye nyusi. Huyu ni mwokaji mikate, anayefanya zamu ya usiku na kurudi alfajiri. Nyuma yake mlango unajibamiza kwa kishindo, kama ulivyozoea, na aliyekuwa bado amelala naye anaamka. Mwokaji anaweka mkate wa moto mezani, anampita Msasa kama anavyopita nguzo, anapanda kitandani na kugeukia ukuta.

"Hajanisemesha tangu Jumanne," Msasa anamnong'oneza mwandishi wa makala haya tukishuka ngazi. "Nikikosa msumari leo, kazi nayo imekwenda. Lakini mbona nina furaha? Mtu anayesubiri hukumu hafurahi hivi!"

Saa moja yuko juu ya jukwaa, ghorofa ya pili ya jengo la shule linalokaribia kukamilika. Hapa ndipo penye ile kazi asiyotaka kuipoteza. Baada ya miaka yote ya kushika brashi chini ya watu wengine, kwa mara ya kwanza amefanywa msimamizi wa mafundi rangi wote wa jengo, wanaume saba, na mkataba ni wa miezi minne.

"Wewe, huo ukuta umeupaka au umeunawisha uso?" anamuuliza mmoja. Kwa mwingine anasema, "Puti haijakauka, unakimbilia wapi? Rangi haina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Wanacheka na kurudia kazi. Mmoja wao, mwenye mvi kuliko msimamizi wake, ananiambia kwamba mwanzoni aliapa hatasimamiwa na mwanamke. "Kisha nikaona kona zake," anasema, na kunionyesha kona ya dari na ukuta, mahali rangi mbili zinapokutana bila kuchafuana.

Tatizo lilikuwa pa kulala. Nyumbani kwake, alikomwacha binti yake na bibi yake, ni safari ya nusu siku. Zamani angelala saiti kama alivyolala miaka yote, ndani ya stoo, juu ya maboksi, pembeni mwa mifuko ya saruji. Lakini mkandarasi wa kazi hii haruhusu mtu kulala kwenye jengo, na anamtaka msimamizi awepo asubuhi kabla ya mafundi. Gesti ingemla zaidi ya nusu ya ujira.

Akazunguka kutafuta chumba. "Mwenye nyumba wa kwanza akauliza mume wangu yuko wapi. Wa pili akatazama ovaroli akasema, samahani kaka, hapa hatupangishi mafundi. Nikamwambia, baba, nitazame vizuri."

Ndipo muuza duka la rangi akamwelekeza hosteli, ambako kitanda, maji na umeme kwa pamoja havifiki robo ya anachopata. Mpiga picha wetu, kwa kuwa ni mwanamume, aliachwa getini na mlinzi wa kike asiye na masihara, kwa hiyo chumba hicho msomaji atakiona kwa maneno tu: vitanda viwili vya deka, meza moja, misumari mitatu ukutani yenye taulo tatu, na ndala zilizotapakaa sakafuni kama zimegombana.

Anapokumbuka jioni ya kwanza, Msasa anaweka rola chini kabisa ili mikono isimulie nayo.

"Nafungua mlango, nasikia kelele! Mmoja anapaka kucha, mmoja anasimulia, mmoja anacheka na mswaki mdomoni. Nikasema, kumbe huku ndiko walikokuwa!"

Nani?

"Wanawake wenzangu! Nafanya kazi na wanaume, nakula nao, nalala walipo wao. Wanawake nilikuwa nasikia tu kwamba wapo."

Anaorodhesha raha alizozikuta, na kila moja anaipa kidole: bafu lenye komeo la ndani, mtu wa kukufunga zipu ya mgongoni, mafuta ya kujipaka unayokopeshwa kabla hujaomba. Mwanafunzi wa uuguzi, yule wa mto, amemsuka nywele ambazo zilikuwa hazijaona kitana cha mtu mwingine kwa miaka. Binti yake alipompigia simu siku ya tatu alishtuka. "Akaniambia, mama, unacheka sana, ni wewe kweli? Hebu sema jina la paka wetu."

Lakini mazoea yana taabu, na ya Msasa yalikuja ndani ya begi lake.

Ni kabari. Kipande cha ubao mgumu, kimechongwa upande mmoja kikawa chembamba, kirefu kama kiganja. Alikichonga mwenyewe katika saiti yake ya pili, kwa sababu milango ya stoo haina komeo. Kabla ya kulala anakisukuma chini ya mlango na kukikanyaga kwa kisigino. Kisha analala na ovaroli yake, na viatu miguuni.

"Usiku mmoja, zamani, mlango ulisukumwa," anasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hatabasamu. "Ulisukumwa sana. Kabari ikashika. Asubuhi wote wakaja kazini, wote wakanisalimia, na mimi sikujua ni yupi. Tangu siku hiyo sijawahi kulala bila hiyo kabari."

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Usiku wa kwanza hosteli aliona aibu kuitoa mbele ya wenzake, na hakupata hata lepe la usingizi. Usiku wa pili, wengine walipokwisha kulala, mkono wake ukaingia begini wenyewe. Akaipigilia chini ya mlango, akalala usingizi wa pono.

Alfajiri mwokaji akarudi na mikate yake. Akasukuma mlango, haukusogea. Akagonga. Akagonga tena kwa ngumi. Ndani, Msasa akaruka kitandani na viatu vyake, ameshika mpini wa rola.

"Nani?"

"Mimi! Nifungulie, nalala humu!"

"Kila mtu husema hivyo!"

Ghorofa nzima ikaamka. Wanawake wakajaa kwenye kibaraza cha ndani, wengine wakicheka, wengine wakiuliza kama kuna mwizi. Hadi mwanafunzi wa uuguzi alipomwelewesha Msasa alipo na kabari ikang'oka, mwokaji alikuwa amekaa sakafuni na ovaroli yake ya unga, amepakata mikate iliyopoa, machozi ya hasira yakimlenga. Mlezi wa hosteli, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliiokota ile kabari na kuitia mfukoni.

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema. "Na Jumamosi wenzako watasema."

Msasa aliomba radhi papo hapo, na tena jioni yake. Mwokaji hakujibu. Alhamisi, wakati wa kusukwa, mwanafunzi alimuuliza ile kabari ilikuwa ya nini, naye akamsimulia yote, kuanzia stoo mpaka mlango uliosukumwa. Mwokaji alikuwa kitandani kwake, amegeukia ukuta, akijiandaa kwa zamu. Kama alikuwa amelala au la, hakuna aliyejua.

Jumamosi hii, saa kumi na mbili jioni, chumba kimejaa. Majirani wa vyumba vingine wamejibanza mlangoni kwa kisingizio cha kuomba sabuni. Mlezi ameketi kwenye kiti pekee, ana nyundo mapajani. Msasa amesimama karibu na begi lake, ameoga, amevaa gauni, hajui mikono aiweke wapi.

Anaanza mkata tiketi wa stendi, anayelala kitanda cha juu yake. "Anakoroma," anasema, na chumba kinaangua kicheko. "Lakini anakoroma kwa mpangilio. Nimeshazoea. Abaki."

"Ananiamsha kwa nyimbo mbaya kila alfajiri," anasema mwanafunzi wa uuguzi, "na wiki nzima sijachelewa darasani. Mimi simtoi dada yangu mkubwa."

Kinabaki kitanda kimoja. Mwokaji, tayari amevaa nguo zake za kazi, anamtazama Msasa usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha anamgeukia mlezi na kunyoosha mkono.

"Mama, naomba hiyo kabari."

Mlezi anasita, anaitoa mfukoni. Mwokaji anaigeuzageuza, anapapasa ncha yake kwa kidole.

"Yangu ilikuwa gunia la unga," anasema polepole. "Kwenye tanuri la kwanza nililofanyia kazi. Tulikuwa tunalala stoo. Kila usiku nalivuta mlangoni, kila asubuhi nalirudisha. Mgongo unaniuma mpaka leo kwa lile gunia. Laiti ningekuwa na akili ya kuchonga kijiti kama hiki."

Mwokaji anapenya kati ya majirani, anaufungua mlango mpaka mwisho, anainama, anasukuma kabari chini yake na kuikanyaga kwa kisigino. Mlango unatulia wazi, na upepo wa jioni unapita moja kwa moja hadi dirishani.

"Kila alfajiri mlango huu unanibamizikia nyuma, nawaamsha watu. Kumbe dawa yake ilikuwepo," anasema. "Abaki. Lakini ukinifungia tena nje, dada, nakula mkate wote peke yangu."

Kelele zinazofuata zinamtoa mlinzi getini mbio. Msasa analia na kucheka kwa pamoja, anamkumbatia mwokaji mpaka unga unahamia kwenye gauni. Kisha anaona mlezi ameinua nyundo, na ufundi unamrudia.

"Mama, ngoja! Unapigilia ukuta bila kupima? Lipu itabanduka. Lete hapa."

Anapima kwa jicho, anapiga mara mbili, msumari wa nne umesimama mstari mmoja na mingine. Taulo lake la bluu linapanda ukutani, naye anarudi nyuma hatua moja kulitazama, kama anavyotazama ukuta aliomaliza.

Mpango anao tayari. Mkandarasi amemwambia anaweza kuongeza mafundi wawili, mradi awapatie pa kulala. Kuna wasichana wawili aliowafundisha kazi mwenyewe, ambao bado wanalala stoo katika saiti aliyotoka. Mlezi amekwisha kukubali kwamba chumba cha pili kina vitanda. Kwa hao nao itabidi wiki ya majaribio ipite, lakini Msasa hana wasiwasi.

Anaketi kitandani, anachukua simu kuwapigia. Miguuni ana ndala za kuazima. Viatu vya kazi viko chini ya meza, kamba zimefunguliwa.

"Njooni kesho," anawaambia, akiinua sauti kushinda vicheko vya chumbani. "Leteni ndala, leteni taulo. Eeh? Kabari? Hapana, wanangu, msichonge. Huku ipo moja, na imeshapata kazi: inashika mlango usijifunge."